Touché: Neno Ulilotuletea Nyumbani

Kwako Baba Odila, popote unapokula jioni ya leo,

Ukiwa mzima, vizuri. Ukiwa mgonjwa, anayekupikia uji tunamjua sasa. Unaona? Hata salamu sijamaliza, nimeshachokoza. Ulikuwa ukisema mdomo wangu una pilipili, tena ukisema hivyo huku unacheka, basi usinishangae leo. Mimi ni yuleyule. Nimekonda tu.

Barua hii haitafika posta, maana sijui niandike nini juu ya bahasha. Nitaisoma hapa uani kwetu Katuba, kwa sauti, karibu na mtungi wa munkoyo, pombe ya mahindi ninayouza, na jirani anayetaka kusikia asogeze kiti. Hakuna siri humu. Mjomba wangu ametoka Kongolo kunifuata. Sasa hivi amekwenda kuwasalimia watu wa kwetu walioko mjini, na akirudi anataka jibu, kwa sababu gari la moshi la kaskazini linaondoka kesho. Anataka nitamke kwa mdomo wangu kwamba umeniacha. Nikitamka, nyumba hii inarudi kwa wazungu wenye mji, maana hawampi mwanamke asiye na mume, Odila anatoka shule ya masista, nasi tunakwenda kulima kijijini. Nisipotamka, mjomba ataondoka peke yake, na amekwisha kuniambia kwamba hatakuja mara nyingine.

Kabla sijamjibu, nataka kukukumbusha neno ulilotuletea wewe mwenyewe.

Unakumbuka jioni ile? Tulikuwa ndiyo kwanza tumepewa nyumba hii, kuta bado zinanuka saruji. Ulikuwa umepata kazi mjini, katika klabu ya wazungu, kufagia ukumbi wanaochezea panga. Nilipowaambia wanawake kwa robine, bomba la mtaa, tukingoja maji, kwamba mume wangu anafagia mahali ambapo wazungu wanachomana panga kwa kujifurahisha, walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mama Feliksi, jirani yetu wa mkono wa kushoto, akaniuliza, "Na bale banakufa, nani anabazika?" Nikamwambia nitakuuliza.

Basi jioni ile uliingia bila hodi, ukaninyang'anya mwiko, ukanirudishia mkononi kwa namna nyingine, kidole gumba juu, kisha ukasimama mbele yangu umetoa kifua.

"Nichome."

"Baba Odila, umelewa?"

"Nichome tu, mama."

Nikakuchoma na mwiko wenye bukari, ugali wetu wa jioni. Ukaweka mkono kifuani, ukainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetoka kupokea komunyo, ukasema kwa sauti ya heshima: "Touché!" Odila, aliyekuwa bado anatambaa, akapiga makofi. Mimi nilicheka hadi nikaketi chini, ndipo nikaliona shati. Shati lile nililifua mimi, si Mfaransa.

Wakati wa kula ukanieleza. Kugusa kwao ni toucher, ulisema, na touché ni yule aliyeguswa, kama vile sisi tungesema "nimeguswa." Habari yake ulipewa na mzee aliyefundisha pale, askari wa zamani wa Ubelgiji mwenye goti bovu, ambaye wote mlimwita Metre, yaani mwalimu. Zamani huko Ufaransa panga zile zilikuwa na ncha ya kweli. Aliyeguswa hakuhitaji kusema lolote, damu ilimsemea. Halafu walimu wakachoka kuzika wanafunzi wao, wakaweka kifungo kwenye ncha, upanga ukawa unagusa bila kutoboa. Sasa damu imenyamaza, nani atasema? Mwenye kuchoma akisema, atajipendelea. Watazamaji wakisema, watabishana mpaka kesho. Ndipo wakakubaliana kwamba mdomo wa aliyeguswa ufanye ile kazi ya damu. Nilikwambia hapo kwamba hao walimu walikuwa na akili, na ukafurahi kama vile nimekusifu wewe.

"Muntu mwenye baligusa, njo yeye anasema," ulisema. "Bengine bote banyamaze."

"Na kama hasemi?"

Tonge lilisimama njiani, halijafika mdomoni. Ni kama hilo hukuwahi kulifikiria.

"Eh, Mama Odila. Anasema tu. Kama hasemi, muchezo haiko tena."

Tangu siku ile neno likaingia ndani ya nyumba, likakaa. Nikikwambia umesahau kununua makala tena, mkaa umekwisha na jiko limezima, uliweka mkono kifuani: touché. Ukiniambia nimemsengenya mke wa katekista kumbe yeye ndiye aliyetutumia sombe, kisamvu cha jioni ile, nami niliweka mkono kifuani, ingawa kwa kuchelewa, maana mimi huwa sipendi kushindwa. Odila alijifunza neno hilo kabla hajajua kusema "maji." Alikuwa akitugusa kiunoni na bua la muhindi na kungoja, macho yameng'aa, mpaka tuseme. Wanawake wa robine nao walilichukua. Ugomvi wa zamu ya ndoo uliisha mara nyingi kwa mtu kujigonga kifua na kucheka. Wanaume wao walinywa na kupiga, halafu kesho yake wakasema hawakumbuki. Mimi wangu alikuwa akisema. Kwa ajili ya hilo nilikupenda, Baba Odila, kuliko kwa ajili ya ile sura yako unayoipenda mno.

Ndipo Metre akaitazama mikono yako mirefu. Wanafunzi wake walikuwa wachache, na kila mmoja alitaka kifua cha kujifunzia. Akakuvalisha koti kuukuu la turubai na maski ya waya, akakufundisha kusimama, kurudi nyuma, kukinga, na zaidi ya yote kuguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako baada ya kufagia: kuguswa na kusema. Touché, bwana. Touché, bwana. Ulirudi na michubuko ya rangi ya biringanya kifuani, nami nilikupaka mafuta ya mawese ya vuguvugu. Koti lilipochanika, ulilileta nyumbani nikalitia kiraka. Wewe ulikuwa na raha. Ulisema Metre amekwambia una jicho, na kwamba mkono wako unafika kabla ya wazo. Ulinieleza pia jinsi mchezo unavyomalizika: watu wanavua maski, wanatazamana usoni, wanapeana mikono, na hapo yote yamekwisha, hakuna kinyongo.

"Na weye banakupatia mukono?" nilikuuliza.

"Miye ninapokea maski zabo," ulijibu, ukacheka. Mimi sikucheka, ila sikutaka kukuharibia furaha.

Siku nyingine ulikuja na habari kwamba huko Ulaya wameleta mashine. Waya unapita ndani ya upanga, na upanga ukigusa, taa inawaka, hakuna haja ya mtu kusema. Metre alikuwa amekasirika, akisema hayo si mambo ya watu wenye heshima. Nikasema ningependa taa ile niifunge kifuani kwa kila mtu wa Katuba, nianze na muuza makala. Ulisema mimi sina heshima hata kidogo. Siku hizi naifikiria sana taa hiyo.

Sasa Jumamosi ile. Hatukuwahi kuizungumza vizuri, kwa hiyo nitaizungumza mimi.

Nilikuletea koti nililokuwa nimelitia kiraka kipya kifuani, nikasimama mlango wa nyuma, pale wanapoweka ndoo na fagio. Ukumbini walikuwamo wageni, wanawake wenye kofia, glasi mikononi. Uliniona, ukakonyeza jicho, ukavaa koti. Aliyesimama mbele yako alikuwa bwana mmoja kijana, karani wa ofisi fulani, mwenye masharubu membamba. Alikuchoma mara kadhaa na wewe ulisema, kila mara, kwa sauti ile ya komunyo. Halafu akaja mbio, akaacha kifua wazi, na mkono wako ukafika kabla ya wazo. Upanga ulijipinda kifuani kwake hadi nikadhani utakatika. Hata mimi nisiyejua mchezo nilijua.

Ukashusha upanga, kama ulivyofundishwa. Ukangoja.

Nami mlangoni nilikuwa nangoja. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kulisema kwa niaba yake. Mwanamke mmoja aliweka glasi mezani polepole. Metre, mzee wa watu, yule aliyekufundisha habari ya damu na mdomo, aligeuza uso akatazama dirishani, na nje hapakuwa na kitu, ila miti tu. Yule bwana hakusema. Alisema tu "Continuons," yaani tuendelee, na upanga wako ukiwa bado chini, akakuchoma palepale penye kiraka changu.

Ukaweka mkono kifuani. "Touché," ulisema.

Wakapiga makofi.

Tulirudi kwa baiskeli, mimi nyuma nimekushika kiuno, na mgongo wako ulikuwa mgumu kama ubao. Uani ukaegemeza baiskeli ukutani.

"Nilimugusa?"

"Ulimugusa."

"Weye uliona?"

"Niliona na macho yangu, Baba Odila."

"Basi tuko babili," ulisema. Ukaingia ndani, ukalala na viatu.

Hukufukuzwa, hukupigwa, hukutukanwa. Ingekuwa afadhali, tungekuwa na kitu cha kusimulia. Metre aliacha tu kukuita. Ulirudi kwenye fagio, na koti langu likaning'inia ukutani mpaka mtu mwingine akapewa. Hapa nyumbani ulianza kunyamaza. Nikisema makala yamekwisha, ulitazama ukuta. Jioni moja Odila alikugusa mgongoni na bua lake akangoja. Akagusa tena. Akangoja, kitoto cha watu, na wewe hukugeuka. Nilimchukua nikamwambia baba amechoka. Nilijidanganya na mimi mwenyewe hivyohivyo, kwamba umechoka, kwamba utapumzika, kwamba yatapita.

Halafu ukasema unakwenda Sakania, na kutoka Sakania uvuke mpaka, kwa binamu yako anayefanya kazi kwenye mgodi wa Waingereza. Ulisema huko muntu anahesabiwa muntu. Sikubisha. Nilikupikia bukari na ndakala, dagaa wakavu, nikakufungia kwenye kitambaa. Stesheni ulitoa mkono dirishani ukanishika, ukaushikilia mkono wangu mpaka gari lilipoanza kutembea na mimi nikatembea nalo. "Nikipata nyumba, nitakuita," ulisema. Nami nilikuamini, mpumbavu mimi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa neno moja: anakuja. Karani wa mtaa akija kuuliza mwenye nyumba yuko wapi, anakuja. Unajua wanavyowaandika daftarini wanawake wa peke yao, wasio na mume, na unajua wanavyowatazama baada ya kuwaandika. Padri akiuliza, anakuja. Wanawake kwa robine wakiacha kuzungumza nikifika, nilisema bila kuulizwa: anakuja. Nilipika munkoyo, nikauza, nikamvalisha mtoto, nikapaka ukuta chokaa kila mwaka ili usije ukakuta nyumba mbaya. Mama Feliksi, ambaye naye ana mdomo, hajawahi kuniambia lolote. Aliijua sheria ya kwetu. Wote waliijua. Walikuwa wananingoja niseme mwenyewe, kwa upole, jinsi mtu anavyomngojea mgonjwa amalize kukohoa, na mimi nikawangojesha.

Ndipo mume wake, Baba Feliksi, anayefanya kazi kwenye magari ya moshi ya Sakania, akapata safari ya kuvuka mpaka. Aliporudi alikaa hapa uani na kofia yake magotini, akaizungusha, akaizungusha. Nikamwambia, "Sema tu, shemeji, kofia itatoboka."

Alikuwa amekuona. Stesheni ya ng'ambo, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na wewe umebeba furushi lao. Alikuita kwa jina na ukageuka. Akakusalimia. Akakwambia, "Mama Odila iko anakungoya. Mutoto anakuuliza kila siku."

"Na yeye alisema nini?" nilimuuliza.

"Hakusema kitu, mama."

"Hata kiloko?"

"Hata neno moya. Aliangalia magari. Kisha akamwambia ule mwanamuke, twende."

Baba Odila, nikaona ukumbi. Nikaona glasi inawekwa mezani. Hasira ya kusikia una mwanamke mwingine ningeiweza. Ningekutukana kwa Kiswahili na kwa Kiluba, ningechoka, ningelala. Lakini wewe! Wewe uliyerudi nyumbani ukalala na viatu! Wewe unayejua hasa, kuliko mtu yeyote katika Elisabethville hii, jinsi ilivyo kusimama umeshusha mkono, unamngoja mtu aseme neno moja dogo, naye anatazama pembeni na kusema tuendelee. Kama ungemwambia Baba Feliksi, "Ndiyo, nimekosa," basi, ningelia nikaona jua jipya. Ningekuwa na kitu cha kushika. Ulininyima hata hicho. Na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wako. Siku ile duniani kote tulikuwa wawili tulioona, ukaniacha nimebaki na jambo lile peke yangu.

Nimekutafutia udhuru. Nimesema labda aibu, labda moyo wako ulikatika Jumamosi ile na kilichopanda gari la moshi kilikuwa koti tu. Huenda ni kweli. Haibadilishi kitu. Yule karani wa masharubu naye huenda alikuwa na aibu.

Odila hataki kurudi kijijini. Amelia mchana kutwa, amekumbatia mkoba wa shule, anauliza kama kule kuna masista. Hakuna. Atalima muhogo pamoja na binamu zake na Kifaransa chake kitamwisha, kitabaki neno moja. Nyumba atapewa mwanamume mwenye mke, watakuta chokaa bado mpya. Sina jambo zuri la kukuandikia hapa. Nimelitafuta.

Mjomba jana alinishika bega. "Mwana," alisema, "shiye bote tunaona. Alishakuacha. Acha miye niseme kwa karani, weye unyamaze tu." Ni mzee mwema, alitaka kunipunguzia. Nikamwambia hapana. Kwetu hapa, asiyeguswa hasemi.

Namwona sasa anakuja, yuko kule mwisho wa njia, ananunua karanga. Kabla hajafika nitasimama hapa uani. Mama Feliksi amekwisha kusogeza kiti chake, na wengine wako kwenye ua wao wanajifanya wanaanua nguo. Odila yuko mlangoni na bua mkononi. Sijui amelitoa wapi, alikuwa ameacha mchezo ule siku nyingi.

Basi sikilizeni wote. Umeniacha, Baba Odila. Huji. Naweka mkono wangu kifuani na kusema mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila mtu kunisemea: touché.

Nimesema. Ulinifundisha kwamba baada ya hapo watu wanavua maski, wanatazamana usoni, wanapeana mikono, na yote yamekwisha. Yangu nimeivua. Nimenyoosha mkono juu ya ua huu kama mwendawazimu, watu wananitazama, na hakuna wa kuupokea.

Kaa salama ng'ambo huko. Usimfundishe yule mtoto mwingine neno hili.

Mimi, uliyekuwa ukiniita mama,
Mama Odila